Saba Badala ya Kumi na Mbili

Mama Sidonie anasema mtoto alikula dola saba. Ndivyo anavyoeleza kwenye bomba la maji hapa Katoyi, mabidoni yakiwa yamepangwa mstari, naye ameketi juu ya lake kama mtu aliyelipia kiti. Anasema Twagirimana alimpa binti yake Olive dola kumi na mbili ampelekee mwenye pikipiki, mtoto akafikisha tano tu, na zile saba akazila na dereva mmoja wa Munigi anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha.

"Mimi sikuona, nilisikia," anasema Mama Sidonie. "Kati ya nyumba yao na yangu ni ubao mumoja tu. Baba anauliza, 'Umeandika ngapi?' Mutoto anasema, 'Saba.' Paa. 'Ngapi?' 'Saba.' Paa. Baba anasema, 'Ni kumi na mbili, kumi na mbili.' Mutoto tena, saba. Kichwa ngumu namna ile sijaonaka. Mimi ningesema hata ishirini, mutu aache kunipiga."

Wanawake walicheka kidogo. Mmoja akauliza yule wa miwani ni mtoto wa nani.

Dative alikuwa nyuma kabisa ya mstari, kitenge amekishusha mpaka kwenye nyusi, akiisikiliza nyumba yake ikielezwa. Waliokuwa karibu naye walimwona kwanza, wakaanza kutazama maji. Mama Sidonie aligeuka mwisho.

"Ah, Mama Olive. Tulikuwa tunakuhurumia hapa."

"Aksanti," Dative akasema.

Angeweza kuwaambia kwamba katika nyumba ile hapakuwa na dola kumi na mbili, wala saba, wala moja. Angeweza kuwaambia kwamba hizo zilikuwa namba tu, namba ndogo zinazokaa juu ya bega la herufi, zimeandikwa kwa makaa kwenye ukuta wa mbao. Lakini hapo wangemuuliza: baba anavunjaje mkono wa mtoto kwa ajili ya namba ya makaa? Baba anayempiga mwizi ni baba, watu wanamwelewa, wengine watamsifu. Dative aliinamisha kichwa, akasukuma bidoni lake mbele kidogo, akauacha wizi ukae pale pale.

*

Ilianzia kwenye kituo cha pikipiki. Twagirimana alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu mwingine. Alikuwa mtu mpole, ndivyo watu wa Rutshuru, walikotoka, waliomjua walivyosema, na Dative mwenyewe angeapa hivyo mpaka mwezi uliopita. Ilikuwa Jumamosi ya usafi, saa za kufagia barabara, kazi nyingine zote zikiwa marufuku, watu wenye bunduki wakamkuta amebeba abiria. Wakamlaza kifudifudi kwenye mzunguko wa barabara pamoja na wengine, wakawachapa kwa mipira ya tairi huku akina mama wakipita na vikapu. Katoyi nzima ilijua, na Katoyi nzima ilijifanya haijui. Dative alimwosha mgongo kwa maji ya chumvi bila kuuliza, naye hakueleza. Tangu hapo mkono wake ukawa mwepesi. Sahani ikichelewa, mkono. Mlango ukilia, mkono.

Siku ile, Alhamisi, Twagirimana alikuwa amekaa na wenzake wakingoja abiria, akaja Prof Habiyaremye, anayefundisha hesabu katika shule ya Olive. Alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi, viatu vimekwisha kisigino.

"Papa Olive," akasema kwa sauti ya darasani, "ule mutoto wako angali anajumlisha. Mwaka wa nane huu. Puissance ya puissance, kipeo juu ya kipeo, yeye anajumlisha. Nimesema, nimechapa, anajumlisha. Mtihani uko mulangoni, watamucheka mpaka Kinshasa."

Madereva hawakungoja Kinshasa, walicheka hapo hapo.

"Acha ajumlishe, prof," mmoja akasema. "Baba yake na yeye anajumlisha. Ukimuuliza bei ya hapa na Munigi anajumlisha na ya kurudi."

"Twagi, wewe si ulituambia ulifika ya nne sekondari? Ama ulipitaka tu mbele ya mulango?"

Twagirimana alicheka nao, kwa kuwa kutokucheka kungekuwa kubaya zaidi. Kisha Prof Habiyaremye akapanda nyuma ya pikipiki ya Twagirimana, maana ni yeye aliyekuwa wa kwanza kwenye zamu, na njia nzima, juu ya mawe na mashimo, alimweleza mgongoni jinsi mtoto wake alivyo mzito.

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika nyumbani. Dative alikuwa kizingitini akiosha vumbi la mawe miguuni. Kazi yake ilikuwa kuponda mawe ya volkano kuwa kokoto za wajenzi, na vumbi lile halitoki kwa kusugua mara moja. Twagirimana alimpita bila salamu, akachukua kipande cha makaa kilichopoa kwenye jiko la mbabula, akaandika ukutani, juu ya kitanda cha watoto: (a³)⁴.

"Olive. Njoo hapa. Andika jibu."

Olive aliinuka kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. Alikuwa mrefu kuliko mama yake sasa, mtoto wa miaka kumi na minne. Akashika makaa, akaandika a⁷.

Kofi lilimpata sikioni.

"Soma tena. Puissance ya puissance, tunafanyaka nini?"

"Tunazidisha, papa."

"Tatu mara ine?"

"Kumi na mbili."

"Basi andika."

Olive alinyoosha mkono. Dative aliuona ule mkono vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuangalia kuliko kusema. Ulikwenda mpaka ukutani, ukasimama kama wa mtu anayeingiza uzi kwenye sindano, kisha ukaandika saba.

"Umeandika ngapi?"

"Saba."

"Na umesema ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Unanicheka?"

"Hapana, papa."

"Na wewe unanicheka. Andika."

Akaandika saba. Ukuta ulikuwa umejaa saba, zimepangana kama mundu zilizotundikwa, na kila moja ilikuwa na pigo lake. Nyundo ya Dative ilikuwa imetoka mpini asubuhi ile kazini, kichwa chake kiko kwenye kikapu, na mpini umeegemea mlango ukingoja kurudishwa. Twagirimana aliuchukua. Dative alisema, "Papa Olive." Alilisema jina hilo taratibu, kama unavyomsemesha ng'ombe aliyeshtuka. Mtoto alikuwa bado ameshika makaa ukutani, mkono umenyooka. Mpini ulishuka juu ya vidole. Makaa yalivunjika, na chini ya sauti ya makaa kulikuwa na sauti nyingine ambayo Dative aliijua kutoka kazini, siku mwenzake alipokosea jiwe.

Akaingia katikati. Mapigo mawili yakamfika yeye begani. Olive hakupiga kelele. Alikuwa ameketi chini, mkono ameuweka mapajani, anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

Twagirimana aliangalia ukuta, akaangalia mpini, akaketi kitandani.

"Nipe maji," akasema. Dative akampa.

*

Ijumaa asubuhi, baada ya kuteka maji, Dative alimpeleka Olive kwenye kituo cha afya. Muuguzi alivibonyeza vile vidole, mtoto akauma kitenge cha mama yake.

"Nini ilimupata?"

"Mawe," Dative akasema. "Ananisaidiaka kuponda."

Muuguzi, mwanamke mnene mwenye kalamu nyweleni, hakunyanyua macho. "Mawe ya Katoyi yanapenda watoto. Wiki hii yameniletea wengi." Akafunga mkono kwa vibao na bandeji. Vidole viwili vimevunjika, akasema, vya mkono wa kuandikia. Asishike kalamu mpaka arudi hapa. Mtihani? Muuguzi akacheka kwa pua. "Uambie yale mawe yamushikie kalamu."

Nje kulikuwa na benchi ukutani. Waliketi hapo kwa kuwa Olive alisikia kizunguzungu. Dative alingoja. Alikuwa na subira ya watu wa kazi yake: jiwe halipasuki pale unapotaka, unaligeuza, unatafuta mshipa wake.

"Olive."

"Mama."

"Ulijua kumi na mbili. Ulisema kwa mudomo."

"Nilijua."

"Sasa mukono uliandika saba juu ya nini?"

Mtoto aliangalia viatu vya watu waliokuwa wakipita.

"Kumi na mbili ni mingi, mama."

Dative aliugeuza uso kando ili mtoto asione unangoja.

"Prof alitutungia sheria," Olive akasema mwishowe. "Ukikosa mbele ya ubao, ile namba ndogo uliyoandika juu, ndiyo hesabu ya fimbo. Ukiandika kumi na mbili na si yenyewe, ni kumi na mbili. Ukiandika ishirini, ishirini. Anasema hivyo tutafikiri kabla ya kuandika."

"Na ukiandika yenyewe?"

"Unaenda kukaa."

"Basi si uandike yenyewe."

"Mama, ziko mbili." Olive aliweka mkono mzima juu ya benchi, akachora kwa kidole. "Iko ya nukta, a tatu nukta a ine. Hiyo tunajumlisha, inakuwa saba. Iko ya mabano, a tatu ndani ya mabano, ine juu ya mabano. Hiyo tunazidisha. Nyumbani naziona si moja. Pale mbele, yeye akiwa nyuma yako na ule mupira wake wa tairi, zinafanana kama mapacha. Ukizidisha na ilikuwa ya kujumlisha, ni fimbo kumi na mbili. Ukijumlisha na ilikuwa ya kuzidisha, ni saba. Sasa sisi tunajumlisha zote. Ikiwa ya nukta tunapona. Ikiwa ya mabano ni saba tu."

"Sisi, nani?"

"Darasa yote."

Dative aliizungusha ile habari kichwani polepole.

"Na ukiandika moja? Upate moja?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana Olive alitaka kutabasamu. "Benny aliandika moja. Prof alimuambia, wewe ni mujanja, na akamupa ile kumi na mbili ya jibu na moja yake juu. Kuanzia hapo kosa inapaswa ifanane na kosa. Kujumlisha inafanana. Hata yeye anaamini hatujui." Akafuta benchi kwa kiganja. "Tunapenda akitoa mbili na mbili. Ukijumlisha ni ine, ukizidisha ni ine."

Dative aliinama, akaokota kokoto nyeusi zilizokuwa chini ya benchi. Kokoto haziishi katika mji huu. "Nionyeshe ile ya mabano."

Olive alizipanga kwa mkono wa kushoto. Tatu kwenye mstari. "Hii ni a mara a mara a. Sasa ine ya juu inasema, hiyo yote uifanye mara ine." Akapanga mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Dative alihesabu kwa macho. Hakujua a ni nini, lakini kokoto alizijua.

"Ni kumi na mbili," akasema. "Inaonekana wazi."

"Hapa inaonekana, mama. Pale mbele haionekani. Na jana, papa akiwa nyuma yangu, ilikuwa kama pale mbele."

*

Dative alimrudisha mtoto nyumbani, akaenda shuleni na nguo ile ile. Alimkuta Prof Habiyaremye mlangoni mwa darasa wakati wa kubadilisha somo, akila karanga kutoka mfukoni, moja moja.

"Niko mama ya Olive."

"Ah, mama wa addition, yule anayejumlisha." Prof alitazama gauni lake, kisha vidole vyake vyenye nyufa. "Leo hayupo."

"Mukono umevunjika."

"Pole." Akaacha kutafuna. "Ilikuwa nini?"

Dative alikuwa ameyapanga maneno yake njiani na aliogopa yasimwagike. "Prof, nilikuja kuomba. Watoto wanajua. Ile fimbo ya kuhesabu ndiyo inafanya wajumlishe. Wanaogopa namba kubwa. Wanachagua ndogo."

Prof alicheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyesikia mtoto mdogo akisema neno la watu wazima. "Nani alikuambia? Yeye? Mama, kila mwanafunzi anayekosa yuko na hadithi. Ingia. Simama hapo mulangoni, uone kwa macho."

Akaingia. Watoto walisimama, walikuwa wengi mno kwa madawati yale, wanne wanne na wengine ukutani. Prof aliandika (x⁵)² ubaoni, akaita jina moja. Msichana aitwaye Bibiche alitoka mbele, soksi moja imeshuka. Alichukua chaki. Dative hakutazama ubao, alitazama uso. Aliona midomo ya Bibiche ikitamka kumi bila sauti, wazi kabisa. Kisha mkono ukaandika saba.

"Tatizo," Prof akasema, akimgeukia Dative. "Umeona?"

Bibiche alikwisha kunyoosha kiganja. Hakungoja kuambiwa. Prof alitoa kipande cha mpira wa tairi kutoka kwenye mkoba, akahesabu kwa sauti moja, bila hasira, kama anayepima mchele. Kwenye pigo la tano msichana alijikunja magotini, akajiinua mwenyewe, akanyoosha tena. La sita. La saba. Akaenda kukaa juu ya mikono yake.

"Prof," Dative akasema kutoka mlangoni. "Huyo mutoto alijua. Alisema kumi. Niliona mudomo."

"Uliona mudomo." Prof alifunga macho kidogo. "Mama, ulisoma mpaka wapi?"

"Ya sita."

"Ya sita sekondari?"

"Ya msingi."

Prof aligeukia darasa na kulirudia jambo hilo kwa Kifaransa, taratibu, kwa ufasaha. Watoto walicheka. Walicheka kwa nguvu, hata Bibiche, kwa kuwa kucheka siku ile hakukuwa na kosa. Dative alibaki amesimama, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Prof alimfuata mpaka nje, sauti imeshuka.

"Mama, usinichukie. Toka benki zilifungwa mushahara sijauona. Niko na watoto hawa wote na sauti moja. Usiku wanasikia bunduki, asubuhi wananikuta mimi na mabano. Bila mpira hapo hawatasikia kitu."

"Usimupige tena mukono," Dative akasema. "Ni hiyo tu. Akirudi, usimupige mukono."

"Na ni nani aliuvunja? Mimi?"

Dative alivuta kitenge mpaka kwenye nyusi.

"Mimi sivunjake," Prof akasema. "Mimi nahesabu. Kamuambie yule asiyehesabu."

*

Dative alimwambia mumewe. Njia nzima aliona kwamba hilo ndilo litakalomponya. Twagirimana akijua mtoto hakuwa akimcheka, akijua ilikuwa hofu, atalainika, atarudi kuwa mtu wa zamani. Alimkuta uani akipaka mafuta mnyororo wa pikipiki. Olive alikuwa amelala ndani, chini ya zile saba ambazo hakuna aliyezifuta.

Dative alichuchumaa karibu naye, akamweleza yote: sheria ya prof, nukta na mabano, Benny na moja yake, Bibiche na mdomo wake. Akamwekea kokoto chini kama Olive alivyofanya. Twagirimana alisikiliza bila kumkatiza, kitambaa cha mafuta mkononi.

"Ni saba kila anapoitwa?"

"Kila anapoitwa."

"Na mimi nikaweka yangu juu ya zile."

"Hukujua, Papa Olive."

"Nilimubeba yule prof mugongoni mwangu." Alikuwa akitazama mnyororo. "Ananiambia mutoto ni muzito. Mimi naitika ndiyo prof, ndiyo prof. Nilisimamisha polepole asiruke kwenye shimo."

Dative alifikiri atalia. Alisogeza mkono ili amguse. Twagirimana alisimama, akafuta vidole kimoja kimoja, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na mpini wa nyundo ndani ya koti.

"Papa Olive, unaenda wapi?"

Aliwasha pikipiki.

"Iko ya mutu, ile pikipiki," Dative akasema, neno la kijinga, ndilo pekee lililokuja. Tayari alikuwa ameshika barabara. Dative alikimbia nyuma yake bila viatu, na nyuma yake akamsikia Olive akitoka.

Umbali ulikuwa mdogo kwa pikipiki na mrefu kwa miguu juu ya mawe yale. Kabla hajaliona lango la shule alisikia watoto. Darasa la mchana lilikuwa likitoka kwa madirisha, wengine wakianguka juu ya wenzao. Alisukumana nao, akaingia.

Prof Habiyaremye alikuwa ubaoni. Chaki ilikuwa bado mkononi mwake na uso wake ulikuwa na damu upande mmoja. Twagirimana alikuwa amempa hesabu. Ilikuwa ubaoni, kwa mwandiko ule ule wa ukutani nyumbani, na mbele yake prof alikuwa ameandika jibu, zuri, la kweli, na chini yake tena jibu, na tena.

"Ni kumi na mbili," prof alikuwa akisema. "Papa Olive, ni kumi na mbili. Ni kumi na mbili, angalia."

"Andika."

Akaandika kumi na mbili. Mpini ukampata kwenye kiwiko. Chaki ikaruka. Alijaribu kuiokota kwa mkono wa pili na mpini ukampata kwenye mkono wa pili. Twagirimana hakuwa akipiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Dative. Alikuwa akifanya kazi. Dative alimkumbatia kiunoni kwa nyuma, akavutwa kama gunia. Dawati likaanguka. Prof alitambaa katikati ya miguu ya madawati kuelekea mlangoni, akitoa sauti ndogo ndogo, na Twagirimana alimfuata mpaka nje uani, Dative ameng'ang'ania shati lake, shati likapasuka, na mgongo wake ukaonekana na mistari yake ambayo haijakauka vizuri.

Hapo watu wenye bunduki wakaingia langoni. Walikuwa wale wa kizuizi cha njia panda, na mtu alikuwa amewakimbilia. Hawakukimbia. Aliyewaongoza alikuwa kijana, buti safi, sauti ya chini.

"Nani anapiga mwalimu?"

Twagirimana aliwaona. Mpini ulimtoka mkononi. Kisha, bila mtu kumwambia, alipiga magoti, akalala kifudifudi juu ya kokoto za uani, mikono ameinyoosha mbele, uso ameugeuzia pembeni.

Mmoja wa wale watu akacheka. "Huyu anajua kazi."

"Simama, mwalimu," kijana akasema. Prof alisimama kwa shida, akiegemea ukuta, mkono mmoja umening'inia. "Alikupiga ngapi?"

"Sijue."

"Wewe unafundisha nini hapa?"

"Hesabu."

Walicheka wote sasa, hata yule aliyebaki langoni. Kijana alingoja wamalize.

"Mwalimu wa hesabu hajue ngapi alipigwa. Fikiri. Tutamurudishia. Kila moja yako, yake tano. Wewe taja tu, sisi tutazidisha."

Mwenzake alikuwa amekwisha kuchukua kipande cha tairi kutoka kwenye begi, anakikunja juu ya goti kukilainisha. Olive alikuwa amefika, amesimama kando ya lango na vibao vyake kifuani. Watoto walikuwa wamerudi kwenye madirisha. Twagirimana pale chini hakuinua kichwa, lakini Dative aliona mgongo wake ukipanda na kushuka haraka haraka.

Dative alimwendea prof kwa magoti. Kokoto zilimwingia ngozini. Alipofika alimshika pindo la ile suruali iliyopigwa pasi, na akasema kwa sauti ndogo ambayo alitaka aisikie yeye peke yake, ingawa uwanja wote ulikuwa kimya na kila mtu aliisikia.

"Prof. Nakuomba. Taja kidogo."

Prof Habiyaremye alifuta mdomo kwa mkono ulioweza bado kuinuka. Alitazama damu kwenye vidole, akamtazama mtu aliyelala chini, akatazama madirisha, nyuso zimejaa mpaka juu, zote zinamtazama yeye.

"Mwalimu," kijana akasema. "Tunangoja."

"Prof," Dative akasema tena. "Taja kidogo."